Vyuo vya Thika na Ruiru vina mafundi wote wa jukwaa, kinachokosekana ni jukwaa

Hebu nikuulize, wewe unayesomea umeme, ushonaji, upishi au kompyuta katika chuo chochote kati ya Githurai na Makongeni: darasa likiisha saa kumi jioni, huwa unaenda wapi?

Nakisia majibu. Keja, kwa sababu fare ya wiki imekatika. Base, kukaa kwa mawe na wasee mkibishana kuhusu mechi za wikendi na nani ameweka ngapi kwa beti gani. Wengine kanisani, maana kwaya ndiyo mahali pekee mtaani ambapo mtu anaweza kushika maikrofoni bila kulipia. Na wengine tunajua wanaelekea wapi, kwa sababu hapa Kiambu habari ya vijana na pombe si mpya kwa yeyote.

Swali la pili. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 490,120 katika mji wa Ruiru. Idadi hiyo inaupita mji wa Eldoret, inaupita hata Kisumu. Thika ilikuwa na 251,407. Ukijumlisha miji hii miwili unapata zaidi ya watu 740,000, na hiyo ni kabla ya maploti yote yaliyojengwa tangu wakati huo. Sasa nitajie ukumbi mmoja wa umma, Ruiru au Thika, uliojengwa kwa ajili ya mchezo wa kuigiza, muziki au ngoma. Sitaki uniambie hoteli inayokodishwa kwa harusi, wala kanisa, wala uwanja wa mpira.

Umekwama, si ndio? Mimi pia. Tukitaka kutazama mchezo wa kuigiza tunapanda gari hadi Kenya National Theatre kule Nairobi, na tukitoka saa tatu usiku tunakuta nauli ya kurudi imepanda maradufu. Wengi wetu tumeacha kwenda.

Lakini ukitazama vizuri kando ya Thika Road, majengo hatukosi. Barabara hii imejaa vyuo. Kenyatta University iko Kahawa, Zetech upande wa Ruiru, JKUAT Juja, Mount Kenya University Thika mjini. Hivyo ni vyuo vikuu tu, na kwa leo nitaviacha kando, kwa kuwa vina njia zao na sauti zao. Ninaozungumzia ni wale wengine: Thika Technical, vyuo anuwai vya kaunti, na vile vyuo vya kibinafsi vilivyo juu ya supermarket, ghorofa ya tatu, vyenye bango kubwa kuliko darasa. Huko ndiko wanakosoma vijana wengi wa mtaa. Na huko sanaa huchukuliwa kama mgeni wa krismasi.

Wakuu wa vyuo watanijibu kwamba sanaa ipo. Kweli ipo, kwa msimu. Mwaka ukianza klabu ya drama inaamka usingizini. Analetwa mkufunzi kutoka nje, watu kama ishirini wanachaguliwa, mazoezi yanakwenda hadi usiku na chakula kinapikwa cha ziada. Tamasha za kitaifa za drama na filamu huwa Aprili, zile za muziki huwa Agosti. Chuo kikishinda, kikombe kinawekwa ndani ya kabati la kioo ofisini kwa prinsipali na picha zinapanda Facebook. Kikitolewa mapema, basi linarudi kimyakimya. Kwa vyovyote vile, wiki inayofuata mavazi yanafungiwa stoo, ngoma zinarudi juu ya kabati, na kama hukuwa miongoni mwa wale ishirini, hujaguswa na chochote.

Sina ugomvi na tamasha. Ni mojawapo ya mambo machache ya shule yetu ambayo watu hukumbuka hata wakizeeka. Ugomvi wangu ni kwamba tumefanya mashindano kuwa sanaa yote. Unaandika mchezo ili kumridhisha jaji. Unaimba wimbo uliopangwa, kwa dakika zilizopangwa, mbele ya wanafunzi wa vyuo vingine wanaosubiri zamu yao. Mama mboga anayeuza nje ya geti la chuo, ambaye pengine hadithi ya mchezo ni yake, hauoni hata siku moja.

Halafu kuna ile Siku ya Utamaduni. Lo! Unaijua. Sketi za makonge za kukodi, mkuki wa mbao uliopakwa rangi ya fedha, rangi za maji usoni, halafu kila kabila linapita kwa zulia jekundu huku dijei akicheza wimbo wa TikTok. Mwisho anatangazwa bwana na bibi utamaduni, watu wanapiga selfie, saa kumi na moja kwisha. Najiuliza kila mara yule mtoto wa Makongeni, mama Mkamba, baba Mluhya, Kikuyu anachoongea ni cha mtaani, na ndoto anaota kwa Sheng, anapangwa kwenye foleni gani siku hiyo.

Utamaduni wenyewe wala hauko mbali hivyo. Thika ni mji wa viwanda. Watu walikuja hapa kufuata kazi kutoka kila pembe ya nchi, na hawakuacha ngoma zao kwenye steji ya mabasi. Ukiuliza vizuri hukosi mzee anayejua mwomboko na kodiani yake, au mtu wa magharibi aliyekua akipiga isukuti, ngoma ambayo UNESCO iliiweka mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Na anga ikiwa safi, ukiwa Thika unauona mlima wa Kilimambogo. Kakai Kilonzo, aliyefariki 1987, aliipa bendi yake jina la mlima huo, Kilimambogo Brothers, na benga yake ya Kikamba na Kiswahili ikachezwa mbali sana na Ukambani. Ni chuo kipi hapa kimewahi kumkalisha kijana wa gita chini akafundishwa namna gita lile linavyotembea? Tunafundishwa kuvaa utamaduni, kuutumia hatufundishwi.

Sasa nifike kwenye hoja yenyewe. Watu wakisikia sanaa chuoni wanafikiria chuo kikuu, idara ya muziki, profesa mwenye ndevu. Mimi nasema mahali panapofaa zaidi kwa sanaa ya mtaa ni chuo cha ufundi. Fikiria jukwaa limetengenezwa na nini. Vyuma vilivyochomelewa, na hapo tayari una darasa zima la mafundi wa kuchomelea ambao kila muhula wanaunganisha vipande vya vyuma kwa ajili ya mtihani, halafu vipande hivyo vinatupwa nyuma ya karakana. Viti vya ngazi vya watazamaji ni kazi ya waashi na maseremala. Taa za jukwaani zinahitaji mtu anayejua kugawa mzigo wa stima, la sivyo mchezo ukifika pale penyewe fyuzi inakatika na mfalme anakufa gizani. Spika na maikrofoni ni kazi ya wa elektroniki. Bango, tiketi, video ya matangazo, hao ni watu wa kompyuta. Wa uhasibu wanakaa mlangoni wahesabu pesa. Wa upishi wanauza chai na mandazi wakati wa mapumziko, na hapo pengine ndipo faida yote ilipo.

Na ushonaji? Mwanafunzi wa mavazi anashona gauni moja la mtihani, linapimwa, linatundikwa. Mpe kazi ya kuvalisha waigizaji kumi na wawili. Atakutana na mwili mnene na mwembamba, atashona koti ambalo lazima livuliwe kwa sekunde kumi gizani, atatengeneza nguo ya mwaka 1950 kwa pesa za mtumba wa Gikomba. Akimaliza hapo, mteja wa kawaida hatamsumbua.

Kama unaona naota, angalia nganya inayokupita kila asubuhi pale Bypass. Ile gari ni nini kama si sanaa na ufundi vilivyooana? Kuna aliyechora sura ya msanii ubavuni, kuna aliyepinda chuma, kuna aliyeshona viti, kuna aliyefunga taa za rangi na spika zinazotikisa mbavu. Watu hawa wanalipwa. Wakati wa sheria za Michuki, mwaka 2004, magari yalitakiwa kuwa na mstari wa manjano na ule uchoraji ukaanza kufukuzwa barabarani. Ilichukua hadi 2014 ndipo Rais Uhuru Kenyatta akasema polisi wasiwasumbue wenye matatu kwa ajili ya michoro. Miaka kumi hivi, na sanaa ile haikufa, ilijificha gereji ikaendelea. Lakini uliza waliojifunzia wapi. Watakwambia kwa kaka fulani, kwa gereji fulani. Ni wachache watakaotaja chuo, ilhali chuo kina kuchomelea, umeme na kushona viti chini ya paa moja, na madarasa hayo matatu hayajawahi hata kunywa chai pamoja.

Na tena hatuzungumzii kitu kilichotokea Ulaya. Kilishatokea humu humu Kaunti ya Kiambu.

Kama ulisikia habari nyingi kuhusu Ngũgĩ wa Thiong'o alipofariki Mei 2025, huenda ulisikia jina Kamirithu. Ni kijiji cha Limuru. Katikati ya miaka ya 1970 kulikuwa na kituo cha elimu na utamaduni cha jamii pale, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kufundisha watu wazima kusoma na kuandika. Hicho ndicho chuo cha jamii, kama neno hilo lina maana yoyote. Kilikuwa na uwanja wa ekari nne na nyumba moja ya udongo ya vyumba vinne, iliyokuwa karibu kuanguka. Hapakuwa na ukumbi, wala mfadhili wa kujenga ukumbi.

Wanakijiji wakaamua kuigiza. Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ wakaandika mchezo kwa Kikuyu, Ngaahika Ndeenda, yaani nitaoa nikipenda. Kimani Gecaũ akauelekeza. Waigizaji walikuwa wakulima na wafanyakazi, baadhi yao wa kiwanda cha viatu cha Bata. Mazoezi yalifanywa hadharani, kwa hivyo kila aliyepita alisimama, akasikiliza, akatoa maoni. Wazee walisahihisha lugha ya waandishi. Wafanyakazi wa kiwandani walieleza kazi zao na mishahara yao ilivyo kweli. Jukwaa walilijenga wenyewe: sakafu iliyoinuliwa ya nusu duara, ukuta wa mianzi nyuma yake, viti virefu vya mbao vilivyopangwa kama ngazi. Paa hapakuwa. Liliweza kubeba zaidi ya watu elfu mbili.

Mchezo ulianza Oktoba 1977. Katikati ya Novemba kibali kikafutwa. Mwisho wa Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini bila kesi, akakaa karibu mwaka mzima. Kikundi kilijaribu tena na mchezo mwingine mwanzoni mwa 1982, na mwezi Machi mwaka huo polisi wakaja na malori matatu wakabomoa jukwaa lote.

Sehemu ambayo hainitoki kichwani ni iliyofuata. Pale palipokuwa jukwaa, leo pana chuo cha ufundi. Sitaki unielewe vibaya, chuo cha ufundi ni kitu kizuri, na vijana wa Limuru wanakihitaji. Lakini ona mpango wenyewe. Watu walikuwa wamejenga kwa mikono yao mahali pa kusoma, kuchomelea mawazo na kuonyeshana maisha yao. Likaondolewa jukwaa, ukabaki ufundi peke yake. Nikiingia chuo chochote hapa Thika na Ruiru naona ule mpangilio ukiendelea: jifunze kazi ya mikono, hadithi waachie wengine.

Woga haujaisha, usidanganyike. Aprili 2025 wasichana wa Butere walifika Nakuru na mchezo wa Echoes of War, ulioandikwa na Cleophas Malala, baada ya mahakama kuamuru waruhusiwe kuigiza. Mwandishi alikuwa amekamatwa. Nje kulikuwa na vitoa machozi. Wasichana wakaimba wimbo wa taifa wakatoka. Na shule hiyo hiyo ilikuwa imeshapitia kisa kama hicho mwaka 2013 na mchezo wa Shackles of Doom. Sasa wewe jiweke kwenye kiti cha prinsipali wa chuo cha ufundi, unayesubiri pesa za serikali ambazo huchelewa. Utachagua mchezo unaouliza maswali au densi ya mavuno? Ndiyo maana tunachezeshwa densi ya mavuno kila mwaka. Wengi wetu hatujawahi kuvuna kitu.

Mzazi naye ana neno lake, na si neno la kudharau. "Nimeuza ng'ombe nikakulipia karo usomee stima, sasa nasikia unakata mauno jukwaani?" Nakubali kwamba sanaa hailishi wengi. Waimbaji wa nchi hii wamelalamika kuhusu mirabaha miaka nenda miaka rudi, na mtu akikwambia kila mwenye kipaji ataomoka, anakuuzia kitu. Kwa hivyo siombi kijana wa umeme aache umeme. Naomba apate jioni mbili kwa wiki ambapo umeme wake unatumika kuwasha kitu ambacho watu watakuja kukiangalia. Akitoka chuoni ataenda kwa mwajiri na mambo ambayo cheti hakiandiki: aliwahi kufanya kazi na watu ishirini wasio wa kozi yake, tarehe ikiwa haisongezwi mbele, watazamaji wakiwa wamekaa. Aliwahi kusimama akaongea bila kutetemeka. Wenzetu wangapi wameangushwa na mahojiano ya kazi ilhali mikono yao ni ya dhahabu?

Nilisoma kozi fupi katika chuo kimoja cha eneo hili, jina nitaliacha. Kulikuwa na piano ukumbini, imefunikwa kwa kitambaa cha meza, na juu yake kumewekwa chombo cha maua ya plastiki. Kwa muhula mzima sikusikia ikipigwa. Mwenzangu mmoja aliyekuwa akipiga kinanda kanisani aliomba ruhusa, akaambiwa aandike barua. Aliandika. Nadhani barua iko kwenye faili hadi leo.

Wengine watasema pesa hakuna. Basi tuangalie kazi ni ya nani, kwa sababu hapa katiba imetusaidia bila sisi kujua. Fungua Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, sehemu ya kazi za kaunti. Utakuta vyuo anuwai vya vijijini vimepewa kaunti. Ukisoma jedwali hilo hilo utakuta pia shughuli za kitamaduni, burudani za umma, maktaba, makumbusho, na vifaa vya michezo na utamaduni, vyote vimepewa kaunti. Yaani serikali ya Kiambu ina majengo mkono mmoja na jukumu la utamaduni mkono wa pili. Hahitajiki bunge kutunga sheria, wala kiwanja kununuliwa. Chuo kama Thika Technical kiko chini ya serikali kuu, hapo ni mazungumzo tofauti, lakini vyuo anuwai ni vya kaunti, na geti lake hufungwa saa kumi na moja jioni kwa amri ya watu tunaowapigia kura sisi.

Ninachotaka ni kidogo kiasi cha kuchekesha. Chagua chuo kimoja Ruiru na kimoja Thika. Ijumaa jioni na Jumamosi mchana geti libaki wazi, na mtu wa mtaa aingie hata kama hasomi pale. Gharama ni soja wa zamu ya ziada, stima, na mtu mmoja anayelipwa kushika funguo na ratiba. Karakana itengeneze jukwaa kama kazi ya muhula, ihesabiwe kwa alama. Mzee wa mwomboko alipwe nauli na kitu kidogo aje afundishe, asiitwe siku ya sherehe tu kutumbuiza mheshimiwa. Kila mwezi mchezo mmoja au tamasha moja dogo, kiingilio shilingi hamsini. Na lugha iwe ile watu wanaongea. Kama Kikuyu, sawa. Kama Kiswahili cha Makongeni chenye Kikamba ndani, sawa pia. Kamirithu walituonyesha kwamba mtu akisikia lugha yake jukwaani hakai kimya, anasahihisha, na hapo ndipo mchezo unakuwa mzuri.

Kuna sababu ya kuharakisha pia. Kundi la kwanza la mtaala wa umilisi liliingia Gredi ya 10 Januari 2026, na moja ya njia tatu wanazochagua ni Sanaa na Sayansi ya Michezo. Mwishoni mwa 2028 watamaliza. Kuna mtoto Kiganjo, kuna mtoto Gatong'ora, ambaye amechagua njia hiyo kwa sababu serikali ilimwambia ni njia halali kama nyingine. Miaka mitatu ya sekondari inapita haraka kuliko ujenzi wa choo cha shule. Mwaka 2029 atabisha geti la chuo kilicho karibu na kwao, kile mzazi wake anachomudu. Tutampa nini? Cheti cha mabomba na sketi ya makonge mara moja kwa mwaka?

Sasa, wewe. Usinipe like ukaendelea. Kama una kitambulisho cha mwanafunzi, una chama cha wanafunzi na una ofisi ya masuala ya wanafunzi. Nenda uliza swali moja tu: ukumbi wa chuo hutumika kwa nini siku za Ijumaa baada ya saa kumi? Waambie wakuonyeshe ratiba. Mara nyingi utagundua hautumiki kwa chochote, na ufunguo uko kwa mtu anayekaa mbali. Hilo ni jambo linaloweza kurekebishwa bila gavana.

Kisha kuna bajeti. Kaunti hupeleka karatasi yake ya mikakati ya fedha bungeni kufikia mwisho wa Februari, na makadirio ya bajeti kufikia mwisho wa Aprili, na kabla ya hapo lazima iwaite wananchi watoe maoni. Mikutano hiyo hujaa watu wanaotaka barabara na mitaro, na wana haki. Vijana huwa ni wawili watatu, nao wamekuja kwa sababu ya soda. Nendeni kumi kutoka darasa moja. Msiseme "tunataka sanaa iungwe mkono", hilo huandikwa kwenye daftari na kusahaulika. Semeni tunataka chuo anuwai hiki, chumba hiki, siku hizi mbili, soja mmoja, shilingi hizi. Afisa wa kaunti hupata tabu kukataa kitu chenye hesabu.

Na mnaosomea kuchomelea, msingojee bajeti. Vile vyuma vya mtihani vilivyotupwa nyuma ya karakana bado viko pale. Muulizeni mwalimu wenu kama muhula ujao mnaweza kutengeneza jukwaa la kukunjwa la mita nne kwa sita, linaloingia kwenye pikapu. Halafu tafuteni darasa la ushonaji liko ghorofa gani.

Kama chuoni kwenu Thika, Juja au Ruiru tayari kuna jioni kama hizo, tuandikieni hapa: siku gani, saa ngapi, na kama soja ataniruhusu kuingia bila kitambulisho cha mwanafunzi.